Picha gani ya kutafakari nyumbani wakati wa Majilio?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Moshi. Paroko wetu ametushauri kwamba Majilio haya kila familia iwe na picha takatifu ya kutafakari nyumbani, mbali na rozari na masomo ya siku. Nimejaribu. Nafungua picha kwenye simu, naitazama, nasema ni nzuri, basi, imeisha. Baada ya hapo sijui nifanye nini. Tena mwanangu wa kati ananiuliza kwa nini Bikira Maria ni mzungu, na wifi yangu, ambaye ni mlokole, anasema nawafundisha watoto kuabudu sanamu. Naomba unisaidie: nichague picha ipi, na niitazame vipi?

Jibu: Milele amina, mama, na asante kwa barua yako.

Nianze na hilo la picha "kuisha", maana wengi wanalo na hawalisemi. Usidhani umekosa karama ya sala. Simu imetuzoesha kutazama picha kwa kupita: binamu amehitimu, kidole kinateleza, harusi, kidole kinateleza, msiba. Jicho likishazoea mwendo huo, hata Mama wa Mungu linampita kwa mwendo uleule. Lakini ipo sababu nzito zaidi, nayo ni aina ya picha tunazochagua. Nadhani ulizofungua nyingi ni za Noeli: Mtoto yuko horini, Maria na Yosefu wamepiga magoti, wachungaji wamefika, nyota inawaka. Ni picha njema, ila ni za tarehe 25. Kila kitu kimekwisha kutimia. Ukiiweka mezani Dominika ya kwanza ya Majilio, umewapa watoto jibu kabla hawajapata muda wa kuuliza.

Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na huchukua siku 22 hadi 28 kutegemea Noeli imeangukia siku gani ya juma. Mpaka tarehe 16 Desemba liturujia inatuelekeza zaidi kwenye ujio wa Bwana mwisho wa nyakati. Kuanzia tarehe 17 inatugeuza tutazame kuzaliwa kwake. Siku zote hizo Kanisa linangoja. Kwa hiyo tafuta picha ambayo ndani yake jambo bado halijatokea. Na iwe moja, usikusanye ishirini.

Kama ningeruhusiwa kukupa moja tu, ningekupa ile ya Maria Kupashwa Habari iliyochorwa na Henry Ossawa Tanner mwaka 1898. Iko kwenye makumbusho ya sanaa ya Philadelphia, Marekani, ambayo iliinunua mwaka 1899. Ni picha kubwa, upana wake mita 1.8 na kimo karibu mita 1.45, lakini hata ikichapishwa kwenye karatasi haipotezi nguvu yake.

Itazame nami. Chumba ni cha watu wa kawaida, sakafu ni ya mawe. Ukutani nyuma ya kitanda kumetundikwa pazia jekundu. Binti mdogo ameketi ukingoni mwa kitanda na mashuka yamevurugika. Ni wazi ameamshwa. Vazi lake ni pana, lina mistari, limemfunika mpaka chini, na ukiangalia kwa makini utaona vidole vya mguu vimechungulia. Mikono ameifumbata mapajani. Zulia sakafuni limejikunja. Kichwani hana duara la nuru, mkononi hana yungiyungi, na lile vazi la buluu tulilomzoea nalo hajalivaa: kitambaa cha buluu kipo, lakini kimewekwa pembeni, upande wa kulia.

Na malaika yuko wapi? Kijana mwenye mabawa humkuti. Upande wa kushoto kuna nguzo ya mwanga imesimama wima, nyeupe inayoelekea dhahabu, na mwanga huo ndio unaomulika chumba kizima, pamoja na uso wa Maria. Tanner aliona afadhali asimpe Gabrieli sura yoyote. Nyuma ya nguzo hiyo kuna rafu ukutani, na pale mwanga unapoikata rafu wengi wameona umbo la msalaba. Mchoraji hakulikazia, ukiliona, sawa, usipoliona, picha haijapungukiwa.

Lakini kaa zaidi kwenye uso. Maria hajapiga magoti. Hajasema ndiyo. Ameinamisha kichwa kidogo, macho ameyainua kuuelekea mwanga, na huwezi kusema kwa hakika kama anaogopa, anawaza, au anasikiliza. Sasa fungua Luka sura ya 1. Mstari wa 29 unasema: "Naye akafadhaika sana kwa ajili ya maneno yake, akawaza moyoni, Salamu hii ni ya namna gani?" Mstari wa 34 anauliza: "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Ni mpaka mstari wa 38 ndipo anajibu: "Tazama, mimi ni mjakazi wa Bwana, na iwe kwangu kama ulivyosema." Picha nyingi za tukio hili zinatuonyesha mstari wa 38, Maria ameinama, amekubali. Tanner amechora yale yaliyo kabla yake. Jibu bado halijatoka kinywani.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, abati wa karne ya 12, alihubiri juu ya kitambo hichohicho, na Kanisa linayasoma maneno yake katika Kipindi cha Masomo cha Liturujia ya Vipindi tarehe 20 Desemba, siku ambayo Injili ya Misa ndiyo hiyohiyo ya Luka. Anamwambia Maria kwamba malaika anangojea jibu, Adamu na uzao wake wanalingojea, Abrahamu na Daudi wanalingojea, ulimwengu wote umepiga magoti mbele yake. Basi ajibu upesi. Ukiyasoma mahubiri hayo huku picha ya Tanner iko mbele yako, utaelewa kwa nini nasema hii ni picha ya Majilio kuliko pango lolote. Nasi tumo miongoni mwa hao wanaongoja.

Namna ya kuitazama ni rahisi, ila inataka utulivu ambao nyumba zetu hazina mpaka tuutafute. Ngoja chakula kiishe na vyombo vitolewe. Zima televisheni, simu ziwekwe chumba kingine. Washa mshumaa wa shada la Majilio kama mnalo, na taa moja, maana kwa mshumaa peke yake hamtaona vidole vya mguu wala rafu. Mmoja asome Luka 1:26-38 kwa sauti, taratibu. Kisha tazameni mkiwa kimya. Dakika mbili za kimya ni ndefu kwa mtoto wa miaka sita, kwa hiyo usianze na tano.

Baada ya kimya, usiwaambie watoto picha ina maana gani. Hapo ndipo wazazi na makatekista wengi tunapoharibu: tunahubiri, na mtoto akishasikia mahubiri anaacha kutazama. Waulize wanaona nini. Kila mtu ataje kitu kimoja, na kisiwe kilichokwisha kutajwa. Mdogo ataanza na zulia au miguu. Mkubwa atasema malaika hayupo. Hapo uliza: kwa nini zulia limekunjika? Alikuwa amelala? Anaogopa au haogopi? Majibu yakitofautiana, yaache yatofautiane. Luka mwenyewe anasema alifadhaika na aliwaza, kwa hiyo wote wamegusa kitu. Msome tena mstari mmoja tu, ule wa 29 au wa 38, kisha malizieni kwa sala ya Malaika wa Bwana. Mmeisali maisha yote, asubuhi, adhuhuri na jioni, na sasa mtaisali mkiwa mnakitazama chumba ambamo ilianzia: "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria."

Jioni inayofuata, picha ni hiyohiyo. Hilo ndilo gumu kwa watu wa simu, na ndilo lenye faida. Siku ya pili chagua sehemu moja: mikono. Siku nyingine, nafasi iliyopo kati ya Maria na mwanga, ile sakafu tupu. Ni umbali gani, na nani atauvuka? Siku nyingine, kile kitambaa cha buluu ambacho hajakivaa. Wewe mwenyewe, watoto wakishalala, rudi uitazame peke yako na umwambie Mungu jambo ambalo unalingojea na hujui litakuwaje. Usitafute hisia kubwa. Zipo jioni ambazo hutapata kitu chochote, na jioni hizo nazo ni Majilio.

Mahali pa kuiweka pia ni muhimu. Wadominiko wa konventi ya San Marco, Florence, walikuwa na ndugu yao Fra Angelico, mchoraji aliyefariki mwaka 1455 na ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1982. Katika miaka ya 1440 aliichora habari hiyohiyo ya Maria na Gabrieli ukutani, juu kabisa ya ngazi za kupandia vyumba vya kulala. Kila mtawa aliyepanda kwenda kulala alikutana nayo uso kwa uso. Chini yake kuna onyo kwa Kilatini, kwamba anayepita mbele ya sura ya Bikira aangalie asisahau kusema Salamu. Hawakuiweka kikanisani peke yake, waliiweka njiani. Nyumba yako haina ngazi labda, lakini ina mlango ambao watoto wanatokea asubuhi wakiwa wamebeba mabegi ya shule. Ibandike karibu na mlango huo, usawa wa macho ya mtoto, na jioni uishushe mezani.

Sasa swali la mwanao, na nakuomba usimzimishe, kwa sababu ameuliza swali la haki. Maria hakuwa mzungu. Alikuwa binti wa Kiyahudi wa Nazareti, katika Galilaya. Wachoraji wa Ulaya walimchora kwa sura za mabinti wa miji yao, wakamvika nguo za kwao na kumweka katika nyumba za kwao, na picha hizo ndizo zilizoletwa kwetu kwa wingi, zikachapwa kwenye kalenda na kadi mpaka zikaonekana kama ndiyo historia yenyewe.

Tanner ana la kumwambia kijana wako hapa. Alikuwa Mmarekani mweusi, amezaliwa Pittsburgh mwaka 1859. Mama yake alizaliwa utumwani. Baba yake alikuwa askofu wa Kanisa la African Methodist Episcopal, kanisa lililoanzishwa na watu weusi waliochoka kubaguliwa ndani ya nyumba ya Mungu. Mwaka 1891 Tanner alihamia Paris, mahali alipoweza kufanya kazi yake bila rangi ya ngozi kumtangulia kila mlango, na huko ndiko aliishi mpaka kifo chake mwaka 1937. Mwaka 1897 alisafiri Misri na Palestina, akaangalia nyumba za watu, nguo zao, nuru ya jua kwenye kuta zao. Aliporudi akamchora Maria wa nchi ile: binti wa nywele nyeusi ndani ya chumba cha kimaskini cha Mashariki. Angeweza kumchora mzungu, kama walimu wake na wateja wa zama zile walivyozoea.

Jibu la pili liko karibu nawe. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, alisomea sanaa Makerere, na kati ya mwaka 1956 na 1959 akachora picha tano kubwa kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, Kenya. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau alichora Kuzaliwa kwa Bwana, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa, na yote akayaweka katika nchi ya Murang'a, katika vilima na miti yake, watu wake wakiwa Waafrika. Fikiria wakati wenyewe: vidonda vya vita vingali vibichi, na ukutani mwa kanisa Kristo anazaliwa katika udongo uleule uliomwagiwa damu. Njau alikuwa na msemo unaojulikana sana pale Paa ya Paa, kituo cha sanaa alichokianzisha pamoja na wenzake Nairobi mwaka 1965: kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Zipo pia zile picha za maisha ya Yesu kutoka kwa Wamafa wa kaskazini mwa Kamerun, zilizoandaliwa miaka ya 1970: wanakijiji waliigiza Injili wenyewe, wakapigwa picha, na michoro ikatokana na maigizo yao. Hizo zimeenea, na katekista wako huenda anazo.

Mwanangu angeniuliza ipi ni ya kweli, ningemwekea zote mbili mezani, ya Tanner na mojawapo ya hizo za Kiafrika. Moja inashikilia kwamba jambo hili lilitokea mahali fulani, kwa watu fulani, wakati wa Herode. Nyingine inashikilia kwamba aliyekuja kwao amekuja na kwetu. Imani yetu inazihitaji zote mbili, na mtoto wa miaka kumi ana uwezo kabisa wa kulielewa hilo.

Kuhusu wifi yako, kwanza msimfanye adui. Hofu yake imo katika Maandiko. Kutoka 20 inakataza kujifanyia sanamu, kuisujudia na kuitumikia. Lakini sura chache mbele, Kutoka 25:18, Mungu yuleyule anamwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Katika Hesabu 21 anaagiza nyoka wa shaba, na watu wakapona kwa kumtazama. Kisha soma 2 Wafalme 18:4: mfalme Hezekia alimvunja nyoka huyohuyo vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumfukizia uvumba. Kitu kilekile kilikuwa halali, kikageuka kuwa kosa, kwa jinsi watu walivyokitumia. Kwa hiyo wifi yako ana jambo la kutukumbusha, na sisi tuna la kumjibu.

Kanisa lilijadili suala hili kwa uchungu mkubwa, picha zikachomwa na watu wakateswa, mpaka Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulipoamua kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na kwamba heshima inayotolewa kwa picha inamwendea yule aliyechorwa. Hata upande wa Matengenezo ya Waprotestanti sauti hazikuwa moja. Mwaka 1522 Martin Luther alirudi Wittenberg akahubiri mfululizo dhidi ya ghasia za kuvunja picha makanisani. Kwake picha haikuwa dhambi, mradi mtu asiitegemee kwa wokovu wake. Mwambie hayo kwa upole, mkiwa mnakunywa chai, wala usitafute kushinda. Afadhali zaidi, mkaribishe jioni moja awe ndiye anayesoma Luka. Walokole wengi wanasoma Biblia vizuri kuliko sisi, na atakapoona kwamba Neno ndilo linaloanza na Neno ndilo linalomaliza, atajua mnafanya nini.

Nawe pia kuna la kuangalia. Picha isiyosindikizwa na Neno inageuka haraka kuwa pambo, au mbaya zaidi, hirizi. Nimeona nyumba ambako picha imebandikwa juu ya mlango ili wezi wasiingie. Hiyo si kazi yake, na mtoto anayekua akiona hivyo atakuwa na sababu nzuri ya kumsikiliza shangazi yake.

Ukitaka picha ya pili, kwa ajili ya Dominika ya pili na ya tatu ambazo Yohane Mbatizaji ndiye anayetawala masomo, iko ambayo ningekupendekezea kwa tahadhari. Ni altare ya Isenheim ya Matthias Grünewald, yaani picha za altareni zilizo juu ya mbao zinazofunguka kama milango, iliyochorwa kati ya mwaka 1512 na 1516, ambayo leo iko makumbusho ya Unterlinden, mjini Colmar, Ufaransa. Ilitengenezwa kwa ajili ya monasteri ya ndugu wa Mtakatifu Antoni waliokuwa wakiwatunza wagonjwa wa "moto wa Mtakatifu Antoni". Ugonjwa huo uliletwa na kuvu inayoota kwenye nafaka ya rai. Viungo viliungua kwa ndani, vikaoza, na wengi walikatwa mikono na miguu. Wagonjwa hao waliletwa mbele ya altare. Ikiwa imefungwa, walimwona Kristo msalabani, ngozi yake imejaa majeraha, vidole vimekakamaa kama vya kwao. Ikifunguliwa, upande wa ndani kulikuwa na Maria Kupashwa Habari, Kuzaliwa kwa Bwana na Ufufuko katika rangi zinazowaka.

Kwenye upande huo uliofungwa, kulia kwa msalaba, amesimama Yohane Mbatizaji. Hapaswi kuwa pale. Herode alikwisha kumkata kichwa zamani. Grünewald alijua. Amemweka miguu mitupu, kitabu wazi mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ananyoosha kidole kirefu kupita kawaida kumwonyesha Yesu. Karibu na mkono yameandikwa kwa Kilatini maneno yake ya Yohane 3:30: "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Miguuni pake kuna mwanakondoo mwenye msalaba, damu yake ikitiririka kwenye kikombe. Mwanateolojia Karl Barth, Mprotestanti wa Uswisi, alitundika nakala ya picha hii juu ya meza yake ya kazi, na alikitaja kidole hicho mara kwa mara: mhubiri asiwe na kazi nyingine kuliko hiyo. Hilo nalo wifi yako atalipenda.

Tahadhari yangu ni kwamba mwili ule msalabani unatisha. Kwa watoto, kuza kwenye simu au uchapishe sehemu ya Yohane peke yake, kuanzia uso mpaka ncha ya kidole. Kisha soma Mathayo 11, pale ambapo Yohane yuko gerezani na anatuma watu kuuliza: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Mtu wa kidole kile alifika mahali pa kuuliza hivyo. Mimi sijapata njia nzuri kuliko hiyo ya kuzungumza na vijana wakubwa juu ya mashaka.

Na kwa siku za mwisho kabisa, mkiwa mmechoka na maandalizi na safari za kwenda kwa mababu, kuna Pieter Bruegel, Kuhesabiwa kwa Watu Bethlehemu, mwaka 1566, iko Brussels. Bethlehemu amekifanya kijiji cha kwao chenye theluji. Watu wamesongamana mlangoni mwa nyumba ya wageni kuandikishwa, nguruwe anachinjwa, watoto wanacheza juu ya barafu. Waambie wanao wamtafute Maria. Watachukua muda. Yumo, amepanda punda, amejifunika, na mbele yake Yosefu amebeba msumeno mkubwa begani. Hakuna hata mmoja katika umati anayewatazama. Sina la kuongeza kwenye picha hiyo, itawafundisha yenyewe.

Mambo ya vitendo. Picha za Tanner, Fra Angelico, Grünewald na Bruegel, wachoraji wake walifariki zamani, kwa hiyo unaweza kuchapisha bila kumdhulumu mtu. Za Njau na za Wamafa si za zamani hivyo, uliza kwanza kabla ya kuzichapisha. Usichukue ile iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, imefifia na mara nyingi imekatwa. Tafuta jina la mchoraji na jina la makumbusho, ushushe nakala kubwa, uipeleke steshenari wakuchapishie kwa rangi, A3 kama mfuko unaruhusu, A4 kama hauruhusu. Usiiwekee plastiki, maana usiku itaakisi taa na hamtaona kitu. Na zile picha za Maria zilizotengenezwa na kompyuta, zinazosambaa sana siku hizi, ziache. Zinavutia kwa kuzitupia macho, lakini ukikaa nazo jioni tatu hukuti mtu nyuma yake aliyewahi kusali, kuhangaika au kuchagua kukiacha kitambaa cha buluu pembeni.

Tarehe 24 jioni, iondoeni na mweke pango. Kama barua hii imekukuta Majilio yako katikati, usianze kufidia siku zilizopita wala usichukue picha tatu kwa pupa. Chukua ya Tanner peke yake na uanze nayo tarehe 17, siku ambayo Masifu ya Jioni yanaanza zile antifona kuu saba za "Ee", yaani beti fupi za sala zinazoanza na neno hilo, moja kila jioni mpaka tarehe 23. Mwombe paroko au katekista akupe maneno yake, na kila jioni msali ile ya siku hiyo kabla ya kusoma Luka.